Barua ya wazi kwa wasimamizi wa dawa: mwarobaini unasubiri neno lenu

Kwa Waziri wa Afya,
Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala,
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Yah: Usalama wa mwarobaini na ushahidi ambao wananchi hawajaelezwa

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa muuguzi mkunga mstaafu, niliyetumikia zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Tanga kwa miaka 31, na nikiwa pia bibi wa wajukuu sita ambaye uani kwake umesimama mwarobaini uliokuwapo kabla sijaolewa katika nyumba ile. Natanguliza hilo ili msije mkanidhania kuwa ni mtu wa kubeza dawa za wazee. Majani ya mti ule nimeyachemsha mara nyingi kuwaogesha watoto wenye tetekuwanga, vijiti vyake nimevipigia mswaki tangu utoto wangu, na wakati wa korona nilijifunika blanketi kama Watanzania wengine nikapiga nyungu yenye majani yake pamoja na ya mkaratusi. Ninachokileta mbele yenu ni jambo moja. Mwarobaini unanywewa, unapakwa na kuogewa majumbani mwetu kila siku, lakini katika miaka yangu yote ya kazi hakuna waraka hata mmoja ulionifikia, mimi muuguzi wa serikali, ukanieleza ni sehemu gani ya mti huo inafaa kwa maradhi gani, kwa kiasi gani, na ni nani asipewe kabisa.

Kuna mtoto mmoja ambaye ndiye aliyenifanya nianze kusoma habari hizi. Aliletwa alfajiri, wakati wa masika, akiwa na umri wa wiki tisa, amefungwa kwenye khanga iliyolowa matapishi. Mama yake, binti wa miaka kama 20, alieleza kwamba mtoto alikuwa na mafua na kifua kubana, na jirani aliyemtakia heri akampa kichupa cha mafuta ya mwarobaini, akamwambia ampe kijiko kimoja cha chai asubuhi na kingine jioni ili makohozi yatoke. Usiku mtoto alitapika, akalegea, akaanza kuhema haraka haraka kama aliyekimbia, kisha akashikwa na degedege. Tulimpima malaria, kipimo hakikuonyesha vimelea. Tulimpima sukari, ikawa chini mno. Tukampa glukosi, tukatafuta gari, tukampeleka hospitali ya rufaa. Hakuifikia jioni ya siku ile.

Kwenye rejesta niliandika neno moja, "degedege", kwa sababu ndilo nililokuwa na mahali pa kuliandika. Mafuta yale hayakuingia popote, wala katika takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, za mwezi ule, wala katika fomu ya kuripoti madhara ya dawa, kwa kuwa wakati huo sikujua kwamba mafuta yanayouzwa kwenye meza ya mtaani yanahesabika kuwa dawa ya kuripotiwa. Siwezi kuapa kwamba mafuta ndiyo yaliyomuua mtoto yule, maana hakuna aliyeyapima. Ila miaka michache baadaye, kwenye semina, daktari mmoja wa watoto alinionyesha makala iliyochapishwa mwaka 1981 katika jarida la kitabibu la Lancet kutoka Malaysia, na nilipoisoma nilihisi kama ninamsoma mtoto wetu. Ilieleza habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini kwa maradhi madogo madogo, na katika muda wa saa chache wakatapika, wakasinzia, damu yao ikajaa asidi, wakapata degedege, na ini likaonekana limejaa mafuta. Kiasi walichopewa kilianzia kama kijiko kimoja cha chai. Wataalamu hao hao walipowapa panya mafuta hayo maabara, waliona madhara yanaanzia kwenye zile sehemu za chembehai zinazozalisha nishati ya mwili.

Naomba hapa mtulie kidogo nami, kwa sababu ndipo hatari yenyewe ilipojificha. Homa, kutapika, kupumua kwa kasi, sukari kushuka na degedege ni dalili zile zile ambazo muuguzi yeyote wa ukanda wetu akiziona atasema ni malaria kali. Mtoto aliyedhuriwa na mafuta ya mwarobaini anaonekana sawasawa na mtoto ambaye mafuta hayo yalikusudiwa kumponya. Akifa, ugonjwa ndio unaolaumiwa, na jirani anaendelea kumgawia mwingine kichupa kile kwa moyo mweupe. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Tanzania haijawahi kusikia madhara ya mwarobaini, simshangai, kwani mahali pa kuyasikia hatujapatengeneza.

Tatizo la kwanza, kwa maoni yangu, ni kwamba tunauita mti mzima kwa jina la dawa moja. Jina lenyewe linatuambia kuwa unatibu maradhi arobaini, nalo ni jina la kuusifu, si maelekezo ya matumizi. Majani, magome, maua na mbegu za mwarobaini havina vitu sawa ndani yake. Azadiraktini, ile kemikali ambayo wataalamu waliitenga mwaka 1968 na ambayo leo inatumika duniani kote kuua wadudu waharibifu wa mazao, imejaa zaidi katika mbegu. Mafuta yanakamuliwa kutoka mbegu hizo hizo, yakiwa na mchanganyiko wa kemikali nyingi nyingine. Mama anayemwogesha mtoto wake kwa maji ya majani na mama anayemnywesha mafuta ya mbegu hawafanyi jambo moja, ingawa wote wawili watakuambia, "Nimempa mwarobaini." Sijaona bango hata moja katika kliniki ya mama na mtoto linalotofautisha mambo hayo mawili.

Sasa nije kwenye ushahidi wa kuponya, maana nisingependa kuutaja mti huu kwa ubaya wake tu. Juu ya malaria, ambayo ndiyo sababu kubwa ya watu kuchemsha majani yake huku kwetu, kemikali mbili zilizomo ndani yake, gedunini na nimbolidi, zimeonekana kuua vimelea vya malaria ndani ya vichupa vya maabara. Habari hiyo imesambazwa sana na wauzaji. Ambacho hakisambazwi ni kwamba kemikali hizo zilipojaribiwa kwa panya wenye malaria, nguvu yake ilikuwa hafifu, na kwamba haziyeyuki vizuri katika maji. Maabara wanazitoa kwa kutumia spiriti na vimiminika vingine, lakini sufuria ya nyumbani ina maji peke yake. Kikombe anachokunywa mgonjwa wangu, basi, si kile kilichojaribiwa, na uchungu wake mkali hauthibitishi kuwa dawa imo.

Tofauti ya namna ya kuandaa dawa si jambo dogo la kitaalamu la kuwaachia maprofesa. Wachina walikuwa na mmea wao wa homa kwa karne nyingi, na walipoanza kuupima miaka ya 1960 na 1970 matokeo yalikuwa yakipanda na kushuka bila maelezo. Mtafiti wao mmoja, mama Tu Youyou, alirudi katika kitabu cha kale cha tiba, akaona kwamba mwandishi wake aliagiza mmea uloweshwe katika maji ya kawaida na kukamuliwa, wala hakutaja kuuchemsha. Akafahamu kuwa joto huenda ndilo linaloharibu dawa, akatumia njia isiyohitaji joto kali, na matunda ya kazi hiyo ndiyo artemisinini, mzazi wa dawa mseto za malaria tunazogawa leo katika zahanati zetu, na sababu ya yeye kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wazee wa Kichina waliheshimiwa kwa maneno yao kuchukuliwa kwa uzito kiasi cha kupimwa moja baada ya jingine, yaliyo kweli yakabaki na yaliyo na kasoro yakarekebishwa. Hiyo ndiyo heshima ninayowaombea bibi zetu.

Upande wa ngozi kuna matumaini zaidi, ingawa napo pana mapengo. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India walichapisha taarifa ya wagonjwa 814 wa upele waliopakwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa pamoja na manjano, na wakasema asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi mno. Nilipoirudia niligundua kwamba hapakuwa na kundi jingine la wagonjwa waliopakwa dawa ya kawaida ili walinganishwe, kwa hiyo hatuwezi kusema ni kiasi gani cha kupona huko kimetokana na majani. Lakini jambo lenyewe ni rahisi kulipima. Upele umejaa katika shule zetu za bweni, majani ni ya bure, na hatari ya kupaka ngozi ya mtoto mkubwa ni ndogo. Utafiti wa namna hiyo ungeweza kufanywa kwa gharama ambayo sidhani kama inazidi ya semina chache za hotelini. Kuhusu mswaki na maji ya kusukutulia, tafiti ndogo ndogo zimeonyesha kuwa mwarobaini unapunguza utando wa meno, na mafuta yake yakichanganywa na mafuta ya nazi na kupakwa mwilini yameonekana kufukuza mbu. Hayo yangetangazwa, yangewafaa watu, na hakuna ambaye angelazimika kunywa chochote.

Kwa wajawazito nasema nikiwa mkunga. Mafuta na dondoo za mbegu za mwarobaini zimesababisha mimba kutoka katika majaribio ya panya na nyani, hadi wapo watafiti waliofikiria kuzitumia kutengenezea dawa ya uzazi wa mpango. Wakati huo huo, nimewapokea kliniki wanawake wenye mimba changa waliokuwa wakinywa mwarobaini kila asubuhi "kuzuia malaria", wakidhani wanamlinda mtoto, huku vidonge vya SP vya kukinga malaria kwa wajawazito tulivyowapa wamevifunga kwenye pindo la khanga kwa kuogopa kuwa dawa za hospitali ni kali. Sikuwa na karatasi yoyote ya wizara ya kuwaonyesha. Nilikuwa na maneno yangu tu, na maneno ya muuguzi kijana mbele ya maneno ya mama mkwe yana uzito gani, nanyi mnajua.

Wenye kisukari nao wasisahauliwe. Majani ya mwarobaini yanashusha sukari, jambo lililoonekana kwa wanyama na katika majaribio madogo ya binadamu, na huenda siku moja likaleta faida. Lakini kwa mgonjwa ambaye tayari anameza glibenklamidi au anajichoma insulini, kikombe cha majani hayo juu yake kinaweza kumwangusha. Mama mmoja wa makamo aliletwa kwetu amepoteza fahamu, jasho linamtiririka, na mwanawe alipofungua mkoba kutafuta kadi akatoa chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa kimiminika cha kijani kilichokolea karibu na weusi. Juu yake palibandikwa plasta ya kidonda, imeandikwa kwa kalamu: "Sukari, presha, UTI. Kikombe cha kahawa kutwa mara 3." Hapakuwa na tarehe, jina la aliyetengeneza, sehemu ya mmea iliyotumika, wala onyo. Mama yule alizinduka tulipomtundikia glukosi, na alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba nisimwambie daktari.

Ombi lile limenikaa moyoni kuliko yote, kwa sababu linatuhusu sisi watumishi. Wagonjwa wanatuficha kwa kuwa tumewazoesha kufokewa. Nimefanya kazi katika kituo ambacho mgonjwa akitaja mizizi alikuwa anasimangwa mbele ya foleni, na mimi mwenyewe katika ujana wangu nilishiriki. Mgonjwa anayeogopa kusema amekunywa nini ni mgonjwa ambaye hatuwezi kumtibu salama, na ni takwimu ambayo hamtaipata kamwe.

Waheshimiwa, vyombo vya kuliongoza jambo hili mnavyo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyoliunda Baraza. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na NIMR ina kituo chake cha dawa asili pale Mabibo. Kila tarehe 31 Agosti tunaadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika kwa mabanda na hotuba. Ninachokiona kikipungua ni kazi ya kuyatoa maarifa yaliyomo katika maabara na majarida hadi yafike kwenye benchi la zahanati yakiwa Kiswahili chepesi. Usajili nao umeeleweka vibaya mitaani. Muuzaji akipata cheti, anakitundika ukutani kana kwamba serikali imethibitisha kuwa dawa yake inaponya, na mnunuzi anaamini hivyo. Kumsajili mganga, kupima kama dawa ina sumu au uchafu, na kuthibitisha kwamba inatibu ugonjwa fulani ni kazi tatu tofauti, na ninawaomba cheti kiseme wazi, kwa maandishi makubwa, ni ipi kati ya hizo iliyofanyika.

Tulishaonja gharama ya ukimya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500, na wapo wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa imani kwamba wamepona. Sisi wauguzi tulipoulizwa na wagonjwa wetu tuseme nini, tulitazamana. Sina neno baya kwa mzee yule aliyekigawa kikombe, ambaye amekwisha kufariki. Lawama yangu ni kwamba sauti ya wataalamu ilichelewa na ilipotoka ilikuwa ya kusitasita.

Kinachowezekana pia tumekiona. Hapa Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga wa jadi na madaktari wa Hospitali ya Bombo walikaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, waganga wakiwapeleka wagonjwa kupimwa na madaktari wakisikiliza habari za mitishamba bila dharau. Waganga niliowafahamu katika miaka ile walikuwa wepesi wa kujifunza kuliko baadhi yetu tuliovaa sare nyeupe. Mkiwaita leo mkawaeleza kwamba mafuta ya mbegu yasimfikie mtoto mchanga mdomoni, nina hakika wengi wao wataubeba ujumbe huo mbali kuliko gari la matangazo la wilaya.

Ninaloliomba lianze mara moja, kwa kuwa halihitaji utafiti mpya wala bajeti kubwa, ni tangazo la ukurasa mmoja kwa kila kliniki, duka la dawa muhimu na banda la mitishamba, likisema kwamba mafuta ya mwarobaini hayanywewi, na kwamba mtoto mchanga na mjamzito hawapewi kabisa kwa njia ya mdomo. Liseme pia kwamba mwenye kisukari anayetumia dawa aseme kwanza kwa mhudumu wake, na kwamba mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria ndani ya saa 24, hata kama ameshaogeshwa majani. Kila chupa inayouzwa itaje sehemu ya mmea iliyotumika, tarehe na jina la mtengenezaji. Fomu ya madhara ya dawa iwe na mahali pa kuandika dawa ya asili, na muuguzi afundishwe kuijaza na kuuliza kwa upole. Halafu NIMR na Muhimbili wachague matumizi mawili au matatu ya mwarobaini, upele ukiwa wa kwanza kwa mapendekezo yangu, wayapime kwa utaratibu unaokubalika na kuyatangaza matokeo kwa Kiswahili, yawe mazuri au yawe ya kukatisha tamaa.

Mtu anaweza kusema kwamba kuyaandika haya yote ni kuwafungulia mlango wageni watunyang'anye dawa zetu. Mfano wa mwarobaini wenyewe unaonyesha kinyume chake. Kampuni moja kubwa ya Marekani pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, huko Ulaya juu ya matumizi ya mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea, na Wahindi na wenzao wakaipinga. Mwaka 2000 ofisi ya hataza ya Ulaya iliifuta, na mwaka 2005 rufaa ikatupwa, kwa kuwa ilithibitishwa kwamba maarifa hayo yalikuwa yakitumika India tangu zamani. Walioshinda ni wale walioweza kuthibitisha.

Kichupa cha mafuta alichopewa mtoto yule wa wiki tisa ninacho hadi leo. Mama yake aliniachia mkononi asubuhi ile bila kusema neno, nami nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni nikakiweka juu ya kabati, kwa kuwa sikujua ni ofisi gani ya kukipeleka. Yamebaki kama robo, yameganda kidogo chini, na harufu yake ya kitunguu saumu bado ni kali. Mkiniita, nitakileta kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa nauli yangu mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mkunga mstaafu, Tanga